Madam Persis na Mirija Iliyonyamaza

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Hilo kila mtu hapa maabarani analijua, kwa hivyo nikikwambia nimefanya kazi miaka mitatu chini ya Madam Persis Mokeira bila kumrushia kitu, ujue huyo mama ana lake. Anaweza kukuuliza "Umejuaje?" mara nane kabla ya chai ya saa nne. Siku moja niliingia nikamwambia nje kunanyesha, akauliza nimejuaje. "Madam, si unaona nimelowa!" Akaniangalia kutoka kichwani hadi viatuni, akasema, "Nimeona umelowa. Mvua sijaiona." Haki ya Mungu, nilienda chooni nikacheka huko peke yangu ili asinione.

Jina langu ni Celestine. Kazi yangu ni kupokea sampuli, kuziandika kwenye rejista na kumsaidia Madam kuzipaka rangi. Maabara yetu ni ya utafiti, iko ghorofa ya pili mjini Kisii, juu ya duka la mbolea, na tunachochunguza ni uvimbe wa saratani ya matiti. Kliniki za Kisii na Nyamira hutuletea vipande vya uvimbe uliotolewa kwa akina mama. Kipande kinafungwa ndani ya nta, kinakatwa utando mwembamba kushinda ganda la kitunguu, kisha kinalazwa juu ya kioo tunachokiita slaidi. Hapo ndipo antibodi inapoingia kazini.

Antibodi ni kitu kidogo sana kinachojua kushika kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote. Ile yetu inatafuta mahali ambapo seli hupokelea homoni ya kike. Ikipapata inang'ang'ania hapo, nasi tunaitia rangi, panakuwa kahawia. Isipopata, panabaki buluu. Uvimbe ukiwa kahawia maana yake unalishwa na homoni, na mama mwenyewe atapewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka mitano au zaidi ili usirudi. Ukiwa buluu, vidonge hivyo havina faida kwake. Kwa hivyo tukikosea rangi, kuna mtu mahali fulani anakosa dawa, au anameza bure.

Mimi nilikosea wiki yangu ya kwanza. Nilipigiwa simu na shemeji yangu nikiwa nimeshika trei ya slaidi, na simu ya shemeji haikatiki upesi. Niliporudi, zilikuwa zimekauka kidogo kando, nami nikaendelea kama hakuna kilichotokea. Zilipotoka zilikuwa kahawia hivi kwamba nilipiga kelele, "Madam, zimejibu!" Akainama kwenye hadubini, kisha akauliza, "Zimejibu nini?" Kumbe kahawia ilikuwa ukingoni tu, pale palipokauka, na ilishika kila kitu, seli, mafuta, hata mahali pasipo na kitu. Akachukua slaidi ya mwisho kwenye trei, ile ambayo kila siku hatuiwekei antibodi kabisa. Nayo ilikuwa kahawia ukingoni. "Hii haikuulizwa swali lolote," akasema, "na bado imejibu. Huyo ni shahidi wa uongo."

Halafu akatoa daftari lake la makosa, akaandika tarehe, akaandika jina langu, na mbele yake akaandika "simu ya shemeji". Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilifungua lile daftari kwa wizi, nikakuta makosa mengi yaliyomo ni yake mwenyewe.

Alizaliwa Sironga, mtoto wa nne katika nyumba ya wakulima wa ndizi, Msabato tangu tumboni. Anasimulia kwamba akiwa darasa la sita mwalimu alileta lenzi shuleni. Wenzake wote walikimbilia kuangalia mende kwa ile lenzi. Yeye aliomba aachiwe lenzi yenyewe, kwa sababu alitaka kujua kama inaonyesha kilichopo au inaongeza vya kwake. Mwalimu alimwita msumbufu. Baadaye alisomea kazi ya maabara, akafanya kazi miaka kumi na minane katika kliniki ndogo ya upasuaji huko Manga, akafundisha vijana wengi waliopelekwa huko kujifunza, ndipo akaja kwetu. Sasa ana miaka hamsini na saba.

Ijumaa alasiri huwezi kumshika. Mimi ni Mkatoliki, basi humtania, "Madam, jua bado liko juu, unakimbizwa na nani?" Naye hunijibu akifunga mkoba, "Nyinyi endeleeni kuungama, sisi tunajiandaa." Kabla jua halijazama yuko kwake, nyumba imefagiwa, chakula cha Sabato kimepikwa. Hajawahi kukosa hata mara moja.

Mwezi wa sita Daktari Ratemo aliingia na karatasi mkononi, akiwa na uso wa mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. Ratemo ndiye mtafiti wetu mkuu, kijana mwenye shahada nyingi na subira kidogo. "Madam, angalia hii," akasema. "Kliniki ya Kenyenya, zaidi ya nusu ni kahawia, kama kwingine kote. Manga, sampuli kumi na mbili, buluu kumi na moja. Kumi na moja! Akina mama wa Manga wana uvimbe wa aina yao wenyewe."

"Umejuaje?" akauliza Madam Persis.

"Antibodi imesema."

"Antibodi haisemi, Daktari. Inashika au haishiki. Kusema tunasema sisi."

Ratemo akacheka, lakini alikuwa ameshaamua. Majibu yangepelekwa kwa madaktari wa wale akina mama Jumatatu ya wiki iliyofuata. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuandika makala.

Mimi nilinyamaza, na kunyamaza si kawaida yangu. Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa mama mdogo wangu, Gesare, Mama Ronny kwa majirani, mdogo wake marehemu mama, aliyenilea tangu darasa la pili. Ana shamba lake la chai huko Manga, na alikuwa ametolewa uvimbe mwezi wa tano. Namba yake niliiandika kwenye rejista kwa mkono wangu. Kama ile buluu ilikuwa ya kweli, hangepata vidonge, na daktari wake angelazimika kutafuta njia nyingine iliyo ngumu zaidi. Kama ilikuwa ya uongo, tulikuwa karibu kumnyima dawa kwa barua iliyopigwa muhuri.

Ratemo alipotoka nilimwambia Madam. Aliniambia pole, akanishika bega. Kisha akasema, "Basi slaidi yake hutaigusa tena ukijua ni yake. Na usiniambie ni namba gani." Nilikasirika, nikidhani hajali. Siku hizo sikuwa nimeelewa.

Akaanza kuuliza. Kwanza aliishuku antibodi, kwa sababu stima ilikuwa imepotea mara mbili mwezi wa tano na friji ikapata joto. Lakini katika kila trei huwa tunaweka slaidi moja ya uvimbe ambao tunajua hakika ni kahawia, na kila mara ilikuwa imetoka kahawia safi. Antibodi haikuwa na kosa. Kisha akashuku moto. Slaidi lazima zichemshwe kabla ya kuwekwa antibodi, ili kufungua kile ambacho dawa ya kuhifadhia imekifunga, na huku kwetu juu maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha. Mama yeyote wa Manga anayepika maharagwe analijua hilo bila kusoma kitabu. Ndiyo maana sisi hutumia sufuria ya presha. Na ile slaidi yetu ya kahawia ilikuwa imechemshiwa humo humo pamoja na hizo nyingine.

"Kwa hivyo sisi hatujakosea," nikasema, moyo ukianguka.

"Sijasema hivyo. Nimesema kosa haliko kwenye sufuria."

Jumatano asubuhi aliniita kwenye hadubini. Alikuwa ameweka moja ya zile kumi na moja, hakusema ya nani. "Uvimbe huu hapa, buluu. Sawa. Sasa sogeza kushoto. Unaona nini?"

Niliona viduara viwili vitatu vilivyopangika vizuri. "Mirija ya maziwa. Ile mizima, haina ugonjwa."

"Ina rangi gani?"

"Buluu."

"Yote?"

"Yote, Madam."

"Celestine, mirija mizima ya mwanamke yeyote lazima iwe na seli kadhaa za kahawia. Si zote, lakini haikosi. Uvimbe unaweza kunyamaza kwa sababu hauna la kusema. Hii mirija ni mizima. Mbona nayo imenyamaza?"

Tulipitia zote kumi na moja. Nane zilikuwa na mirija mizima, na katika zote nane ilikuwa imenyamaza kimya. Tatu hazikuwa na mirija ya kuangalia. Halafu katika slaidi mbili tukaona jambo jingine: ukingo mwembamba wa nje ulikuwa na kahawia halisi, ndani ya seli, si ile ya kukauka ya shemeji yangu. Katikati hakuna kitu. Ilikuwa kama paja la mbuzi lililotiwa chumvi juu juu, ukilikata ndani ni chapwa.

"Dawa haikufika katikati mapema," akasema Madam Persis polepole. Dawa yenyewe ni formalini, ile ya kuhifadhia. Nyama ya mtu ikitoka mwilini huanza kuharibika pale pale, na formalini ndiyo huizuia, lakini inaingia kwa mwendo wa konokono, kama milimita moja kwa saa. Ikichelewa, umbo la seli linaweza kubaki likionekana vizuri tu, huku kile kitu antibodi inachokitafuta kimeshapotea. "Ziliharibika kabla ya kufika kwetu. Swali ni wapi, na kwa nini ile ya kumi na mbili ilipona."

Hapo ndipo rejista yangu ilipofaa kitu. Niliifungua nikaisoma mstari kwa mstari kwa kidole. Manga, Ijumaa. Manga, Ijumaa. Manga, Ijumaa. Daktari wa upasuaji huenda kule siku hiyo moja kwa wiki. Ile iliyojibu ilikuwa ya mwezi wa nne, na mbele yake nilikuwa nimeandika Jumatano. Kwa nini Jumatano? Ai! Nikakumbuka. Wiki ile ilikuwa na Ijumaa Kuu, sisi tulikuwa kwenye Njia ya Msalaba, kwa hivyo daktari alitangulia kwenda Jumatano.

"Madam! Ni Ijumaa! Kuna kitu wanafanya Ijumaa!"

Nilitarajia anipongeze. Alivuta rejista kwake, akaliangalia lile neno kwa muda, na uso wake ukapauka. Nilifikiri ni njaa, kwa maana alikuwa hajanywa hata chai.

Ijumaa yenyewe tulipanda Manga. Kwenye ile kliniki alitupokea Haron, fundi wa maabara, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, ambaye Madam alimfundisha kazi zaidi ya miaka ishirini iliyopita. "Mwalimu, karibu nyumbani!" akasema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Madam alimwambia tumekuja kuangalia tu, afanye kama kawaida yake.

Saa kumi kasorobo mlango wa upasuaji ulifunguliwa, akaletewa uvimbe uliokuwa na ukubwa wa parachichi dogo. Haron aliupima uzito, akaandika, akautumbukiza mzima kwenye chupa ya formalini, akafunga kifuniko, akabandika jina. Kisha akanawa mikono, akachukua koti lake.

Nilishindwa kujizuia. "Hukati?"

"Leo? Hapana. Kukata vizuri ni kazi ya saa mbili, kupima, kuandika, kuchagua vipande. Ukianza na jua linakimbia utaachia katikati, na hiyo ni mbaya zaidi. Tunakata Jumapili asubuhi, akili ikiwa safi."

"Na kabla ya hapo unakaa hivyo hivyo mzima? Usiku wa leo, kesho yote, hadi Jumapili?"

"Si uko ndani ya dawa?"

"Nani alikwambia ufanye hivyo?" Hasira zilikuwa zimeshanipanda, na sauti pia.

Haron alinishangaa. Kisha kwa kidevu akamwonyesha Madam Persis. "Si ni yeye. Jua likizama Ijumaa, kisu kisiwe mkononi. Ndivyo Mwalimu alivyotufundisha sisi sote."

Nilimgeukia nikitegemea akane. "Ni kweli," akasema. "Ni mimi." Akaketi kwenye kiti cha Haron. Akatueleza kwamba alipoianzisha desturi ile, walikuwa wakipaka rangi ya kawaida tu, ya kuonyesha umbo la seli, na umbo lilibaki likionekana vya kutosha. Hakuna aliyeona hasara. Antibodi zilikuja miaka mingi baadaye, naye alikuwa ameshahama, na ile desturi ilibaki hapa ikifuatwa kwa uaminifu. "Jumatano nilipoliona neno Ijumaa nilijua," akasema. "Nilikuja ili nione kwa macho, kwa sababu nilitamani niwe nimekosea."

Wacha niseme ukweli wangu: nilimchukia pale. Mtu aliyeniuliza nimejuaje miaka mitatu mfululizo, hata mvua akanikatalia, hakuwahi kujiuliza hilo moja, na mama mdogo wangu alikuwa amelala humo katikati. Nilitoka nje nikasimama kwenye ua hadi pumzi ikarudi.

Niliporudi Haron naye alikuwa ameumia. "Kwa hivyo, Mwalimu, unaniambia Sabato ndiyo kosa?"

"Sabato haina kosa, Haron. Tulikuwa na dakika tatu na hatukuzitumia. Nipe glavu."

Madam aliutoa ule uvimbe kwenye chupa. Akapaka kingo zake rangi haraka ili upande wa juu na wa chini usipotee, kisha akaukata vipande kama mkate, bila kuvitenganisha chini. Akatia karatasi laini kati ya kipande na kipande, akaurudisha kwenye chupa kubwa zaidi, akamimina formalini hadi juu. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Haikufika dakika nne. "Kupima na kuandika vitangoja Jumapili," akamwambia Haron. "Formalini ndiyo isingoje. Na mwambie daktari wako, kama anaweza kuhamia Jumanne, ahamie." Nje jua lilikuwa bado liko juu ya ukingo wa Manga.

Kisha akauliza, "Zile za sindano ziko wapi?" Nikawa sielewi, hadi Haron alipofungua droo. Kabla ya upasuaji, karibu kila mama huja kliniki siku ya katikati ya wiki, anachomwa sindano nene, kinatolewa kijinyama chembamba kama uzi wa sweta, nacho huingizwa kwenye formalini pale pale kando ya kitanda. Ni chembamba, dawa hupenya mara moja, na hakina Ijumaa. Vilikuwa vimefungwa kwenye nta, vimehifadhiwa tu. Kati ya wale akina mama kumi na mmoja, tisa walikuwa na kipande cha sindano. Gesare alikuwa mmoja wao. Wawili hawakuchomwa kabisa.

Madam Persis alimpigia Ratemo simu akiwa amesimama pale pale mlangoni. "Daktari, yale majibu kumi na moja usiyatume. Akina mama wa Manga hawana ajabu yoyote. Kosa ni langu." Sikusikia Ratemo alijibu nini, lakini alijibu kwa muda mrefu.

Jumamosi ilikuwa siku ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Funguo za maabara nilikuwa nazo mimi, vipande tisa viko kwenye kabati, na Madam yuko kanisani. Mama mdogo alinipigia simu mchana. "Celestine, majibu yangu hayajatoka?" Nikamwambia bado. "Si ulisema ni karibu?" Nikamwambia mashine ina shida, nikakata, nikajichukia.

Jumapili tulianza asubuhi. Madam alimpa Ratemo kazi moja: afute namba zote tisa na kuzipa herufi, na karatasi ya siri akae nayo mfukoni. Mimi sikujua mama mdogo ni herufi gani. Madam pia hakujua. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alinikataza kumtajia namba. Jicho likipenda jibu, litaliona tu.

Kukata, kukausha, kuchemsha, antibodi, kuosha. Alasiri tukafika kwenye rangi ya kahawia, ambayo nilipewa mimi nikiwa na saa ya kuhesabia. Dakika tano, halafu unaosha. Rangi ile ukiiacha zaidi inazidi kukolea. Niliijua vizuri. Dakika kumi, labda kumi na mbili, na kila kitu mle kingeonekana kina cha kusema. Sikujua slaidi ya Gesare ni ipi, lakini ningeziacha zote, si zote zingependeza? Saa ililia. Mkono wangu haukusogea.

Madam Persis alikuwa nyuma yangu, sijui tangu lini. Hakunishika. Alisema tu, "Ukiziacha, ile isiyowekwa antibodi itakusema. Na hata ikikaa kimya, mama mdogo wako atameza vidonge vya uongo miaka mitano."

Nikaziosha. Nililia nikiziosha, sioni aibu kulisema.

Walizisoma wawili, yeye na Ratemo, kila mmoja peke yake, wakaandika bila kuambiana. Kwanza mirija mizima. Katika kila slaidi iliyokuwa nayo, ilijibu, kahawia mbichi, safi kabisa. Kisha uvimbe. Sita kahawia. Tatu buluu. Karatasi zao mbili zililingana neno kwa neno. Ratemo akatoa ile siri mfukoni na kuisoma, akafika herufi ya saba, akanitazama.

Buluu. Niliinama mwenyewe kwenye hadubini. Mirija ya mama mdogo wangu, ile mizima, ilikuwa na rangi nzuri ya chai ya maziwa. Na kando yake uvimbe, buluu tupu, hauna seli hata moja ya kunipa moyo. Nilikaa chini sakafuni. Hasira niliitafuta, sikuipata.

Ratemo aliharibu makala yake mbele yetu, na hilo namheshimia hadi leo. Akamwambia Madam, "Tunaweza kuandika tu kwamba sampuli zilichelewa kuhifadhiwa. Hakuna haja ya kutaja ni desturi ya nani." Madam akasema, "Mficha uchi hazai. Andika jina langu. Kuna kliniki nyingine ambako wanafunzi wangu wako." Kwa wale sita, barua za vidonge zikaandikwa. Kwa wale wawili wasio na sindano tukaandika kwamba hatujui, na kwamba wachunguzwe upya.

Jumanne alikataa barua ya Gesare itumwe. Alisema atampelekea mwenyewe, nami nimsindikize. Tulimkuta katikati ya chai yake, kikapu mgongoni, mikono inaenda. Hakuacha kuchuma. Madam Persis alimweleza yote akiwa amesimama kwenye mstari, Ijumaa, chupa, Haron, na nani alimfundisha Haron. Akamwambia vidonge havitamfaa, kwamba safari hii jibu ni la hakika, na kwamba daktari wake amepanga aanze dawa ya dripu Alhamisi bila kupoteza hata wiki.

"Kwa hivyo lile la kwanza lilikuwa kweli," akasema mama mdogo.

"Lilikuwa limebahatisha, Mama Ronny. Hatukuwa na haki ya kulisema."

"Na hao wengine?"

"Sita watapata vidonge. Wangevikosa."

Gesare alichuma kidogo, akatupa majani mgongoni. "Ungeandika tu barua."

"Barua huwezi kuigombeza."

Mama mdogo akaguna. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia tena, akaniambia ninyamaze, ninatisha kuku. Kisha akauliza dripu ni mara ngapi. Madam akamwambia mara sita, kila baada ya wiki tatu, na kwamba siku zile na zinazofuata hatakuwa na nguvu za shambani. Alhamisi ndiyo siku yake ya kupeleka chai kupimwa. Akafikiri.

"Nani atanichumia?"

"Mimi," nikasema.

"Na mimi," akasema Madam Persis. "Zote sita."

Hapo ndipo Gesare alipoacha kuchuma kwa mara ya kwanza. Alimtazama mikono. "Wewe umewahi kuchuma chai?"

"Sijawahi. Kwetu ilikuwa ndizi."

Mama mdogo alivua kikapu mgongoni, akamvisha yeye, akakaza kamba kifuani pake, akamvuta kwa mkono hadi kwenye kichaka cha kwanza.

"Njoo nikufundishe vizuri," akasema, "usije ukafundisha wengine vibaya."